Evodia Fabiani Kasmiri, Aliyewafuata Waliobaki Nyumbani

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu Waislamu, ambao tangu Jumatano mmelala hapa kwetu kana kwamba msiba ni wenu, asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni Simeo Fabiani, mdogo wake marehemu. Mtanisamehe nasoma nimekaa. Wanaonijua wanajua kwamba hata kwenye harusi nasoma nimekaa. Maneno haya yamo kwenye kijitabu mlicho nacho, ila mengine nimeyaongeza leo asubuhi kwa kalamu, kwa hiyo msihangaike kunifuata mstari kwa mstari. Neno marehemu nimeliandika kwa sababu ndivyo wasifu unavyoandikwa. Sijalizoea. Jumanne iliyopita huyu mtu alinipigia simu kunigombeza kwa nini sijafanya mazoezi ya mikono, na leo nimeambiwa nisome tarehe zake. Kwa mpangilio niliokuwa nao kichwani, yeye ndiye aliyetakiwa kunisomea mimi.

Evodia Fabiani Kasmiri alizaliwa tarehe 14 Machi 1985 katika kambi ya mkonge hapa Mnyuzi, Wilaya ya Korogwe. Baba yetu ni Mzee Fabiani Kasmiri, aliyetutoka mwaka 2014, na mama yetu ni Mama Edna, aliyekaa hapa mbele. Babu yetu Kasmiri alitoka Kasulu kuja kukata mkonge kwa mkataba, akaahidi kurudi kwao mkataba ukiisha. Kaburi lake ni lile pale kwenye mkwaju. Watoto tulizaliwa wawili tu, Evodia na mimi. Mama anasema Evodia alipobebwa mgongoni hakutulia, alijipinda kila mara kutazama nyuma, mpaka akina mama wenzake wakamuuliza huyu mtoto kadondosha nini njiani.

Alisoma shule ya msingi hapa Mnyuzi kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, akaendelea na sekondari mjini Korogwe hadi 2003, kisha akasomea ualimu na kuhitimu mwaka 2005. Alama zake hazikuwa za kutisha, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Somo lililompa maisha yake hakulipata darasani. Alilipata mwaka 1996, siku tulipomzika babu.

Mimi nilikuwa na miaka saba. Miguu yangu ilikwenda na homa kabla sijajua kukimbia. Asubuhi ya mazishi nilivalishwa shati safi, nikaketishwa barazani, nikaambiwa, "Simeo, wewe utalinda nyumba." Nilifurahi, nikajiona askari. Walipokwishaondoka wote ndipo nikaona kwamba nyumba yenyewe ina kuku wanne na debe la maji, na kwamba mwizi akija sina la kumfanya zaidi ya kumwamkia.

Kabla hata kaburi halijafukiwa, Evodia akatokea peke yake, anahema. Alikuwa amechomoka katikati ya wimbo. Akachukua kamba ya katani, akaifunga kutoka kwenye mpapai hadi nguzo ya jiko, chini kabisa, akaleta mpira wetu wa matambara. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kunifanyia. Akakaa chini upande wa pili wa kamba. "Ukikaa wewe, na mimi nakaa," alisema. Watu wa mazishi walirudi wakatukuta tunabishana nani kashinda.

Mama alimchapa, na kwa kuwa yuko hapa hawezi kukataa. "Unauacha msiba wa babu yako unakuja kucheza?"

"Mama, nimemkuta Simeo analinda nyumba. Anailinda na nani? Wezi wote si mlikuwa nao makaburini?"

Kwa hilo akaongezewa viboko.

Januari 2006 aliajiriwa kufundisha shule ya msingi huko Sindeni, Wilaya ya Handeni, na mwaka 2012 akahamishiwa Korogwe, alikofundisha mpaka Jumatano hii. Kazi ya chaki aliifanya vizuri, walimu wenzake mtalisema hilo wenyewe zamu yenu ikifika. Mimi niseme ile nyingine. Mwaka 2008 alipelekwa Tanga kwenye semina ya walimu wa michezo, akarudi moja kwa moja kwangu, hata begi hajalitua.

"Simeo, ule mchezo wetu wa kamba upo. Unaitwa mpira wa wavu wa kukaa. Una waamuzi, una kanuni, watu wanapanda ndege kwenda kuucheza."

Nikamuuliza kanuni gani.

"Kubwa ni moja. Ukipiga mpira, makalio yasiachane na ardhi."

Baba Paroko anisamehe, ndivyo kanuni ilivyo. Nikamwambia dada, hiyo mimi nimeitii maisha yangu yote bila mwamuzi.

Kosa lake la kwanza lilikuwa la kimwalimu: alitangaza. Alimwomba mwenyekiti wa kitongoji kule Sindeni awatangazie walemavu wote wafike uwanjani Jumamosi asubuhi. Sasa, kwetu ukitangaza hivyo hakuna anayefikiria mpira. Watu wanafikiria unga, mablanketi na baiskeli za miguu mitatu. Walikuja na magunia na ndoo. Walikuja wazee wazima wakichechemea, mmoja wao wiki hiyo hiyo alionekana mnadani Mkata akikimbiza mbuzi aliyemponyoka. Evodia akafungua mkoba, akatoa wavu na mpira mmoja. Bibi mmoja akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na huo mpira mmoja tutagawanaje wote hawa?"

Kufika saa sita walikuwa wameondoka wote, amebaki Sadala, aliyekatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki. Naye alibaki kwa sababu aliyemleta hakurudi kumchukua. Ndiye huyu nahodha wa timu ya Handeni mnayemwona hapa kavaa jezi. Jana alisema, "Mwalimu katuonea. Miaka yote Korogwe wanatufunga, mwaka huu tulikuwa tayari, kaondoka." Watu walicheka, kisha wakaona aibu kwamba wamecheka. Msione aibu, angecheka yeye wa kwanza.

Kilichomuuma dada siku ile si magunia. Ni kwamba aliowakusudia hawakuwemo. Mtu aliyefichwa ndani haji kwa tangazo, kwa sababu anayelisikia tangazo ndiye huyo huyo aliyemfungia mlango.

Jibu alilipata msibani. Desturi yetu tunaijua: msiba hauna mwaliko, na asiyezika wenzake naye atazikwa na wachache. Siku ya mazishi kijiji kinahama. Duka limefungwa, shambani hakuna mtu, hata mwenye malaria anajikongoja aonekane amefika. "Basi siku hiyo," dada aliniambia, "nyumba ukisikia mtu anakohoa ndani, huyo kaachwa alinde nyumba kama wewe."

Tangu hapo hakuna msiba uliompita, Handeni na Korogwe, wa msikitini na wa kanisani, wa anayemjua na asiyemjua. Alitoa rambirambi, alimenya viazi, alisugua masufuria na akina mama. Mwili ukishatoka, alijifunga khanga kiunoni, akachukua kikapu chake, akapita nyumba kwa nyumba akibisha hodi. Akisikia mtu, alikaa kizingitini akausukuma mpira ndani, ukabingirikia gizani. Kisha akangoja. Mpira ukirudi hakuuliza jina wala ugonjwa, aliusukuma tena. Jina aliliuliza baadaye, na mzazi alimsubiri hapo hapo mpaka arudi kutoka makaburini.

Ukimtoa Sadala, timu zote mbili zimetoka misibani kwa njia hiyo, ya Handeni na hii yetu. Viwanja tulivyoomba tuliambiwa vina ratiba. Tukipewa nafasi inakuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini, na mchezaji wa kukaa ndiye anayejua mchanga una moto kiasi gani. Hatimaye dada alituombea ghala la mkonge lililobaki tupu hapa Mnyuzi, lenye sakafu laini ya saruji. Humo tumecheza, kutoka humo wenzetu wamekwenda mashindano Tanga na Dodoma, na wawili wamepata waume. Lakini jambo moja mlijue. Wazazi hawakuwa wakiikabidhi timu watoto wao. Walimkabidhi Evodia. Alikwenda mwenyewe kuwachukua na alirudi mwenyewe kuwarudisha, kwa mkono wake.

Tarehe 18 Septemba 2010 alifunga ndoa na ndugu Matayo, fundi wa kuchomelea, mjini Korogwe. Walijuana kwenye karakana. Evodia alimpelekea kazi ya nguzo za wavu, akairudisha; akatengenezewa tena, akairudisha tena. Matayo akamwambia, "Mwalimu, miaka yangu yote sijaona mteja anarudisha kazi kwa sababu ni ndefu."

"Fundi, hizi ni za watu waliosimama. Nilikwambia za waliokaa."

Vile vipande alivyokata vikawa miguu ya benchi la jikoni kwao, na hadi leo lipo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Shukuru na Kasmiri.

Ndoa hiyo ilipata mtihani mwaka 2016. Matayo alipigiwa simu kutoka ofisi ya kijiji, Makuyuni, aende akamchukue mkewe, amekamatwa. Kipindi hicho wezi walikuwa wakitumia siku za mazishi kubeba kuku na sola za watu, na mgambo wakamkuta mwanamke mgeni kwenye mlango wa nyumba ya Mzee Hashim, ana kikapu. Matayo alifika na miwani yake ya kuchomelea kwenye paji la uso. Kikapu kikamwagwa mezani mbele ya mtendaji. Ukadondoka mpira.

"Sikufuata kitu," dada alisema. "Nimefuata mtu."

Mzee Hashim akajibu, "Kwangu hakuna mtu."

Huyo mtu alikuwepo. Ni Mwaija, binti yake, wakati huo msichana wa miaka ishirini, ambaye miguu haikuwahi kumbeba. Mzee Hashim si mtu mbaya, na haya nayasema kwa ruhusa yake mwenyewe. Aliogopa wanayoyaogopa wazazi wengi: binti atachekwa, ataangushwa, atakutana na mtu asiye na utu. Kwake mlango uliofungwa ndio ulikuwa ulinzi. Dada alimwendea kila mwaka, kila Idi na kila msiba wa Makuyuni. Mara aliambiwa jua kali, mara Mwaija ana mafua. Wakafika mahali pa kutaniana. "Mwalimu, umekuja tena?" "Nimekuja tena, mzee, mafua hayajapona?" Lakini Mwaija hakutoka.

Agosti mwaka huu mke wa Mzee Hashim alifariki. Msiba uliwekwa kwenye nyumba ya ukoo, kwa kaka mkubwa wa Mzee Hashim, na Evodia alikwenda kama kawaida yake. Mwili ulipotoka alifika kwenye mlango ule ule, akakaa, akausukuma mpira ndani. Haukurudi. Ikaja sauti.

"Mwalimu, wameshamzika mama?"

Ndugu zangu, Mwaija alikuwa ameachwa alinde nyumba siku mama yake mzazi anazikwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ilikuwa mazoea tu, kama nilivyovalishwa shati safi mimi.

Dada hakuugusa tena mpira siku hiyo. Aliingia, akakaa naye sakafuni mpaka watu waliporudi. Kwa Mzee Hashim hakusema neno, maana mfiwa hasemwi. Alikuja kusemea kwangu. Nimeishi naye miaka yangu yote na sikuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Hata kumlilia mama yake, Simeo! Hata hilo limeonekana ni safari ndefu kwake!" Kisha akalia.

Alisubiri arobaini ipite. Jumapili tarehe 14 Septemba alikwenda Makuyuni. Mzee Hashim alimkaribisha chai, akamwambia, "Mwalimu, nimechoka kukukatalia. Nyumba imekuwa kubwa. Jumamosi njoo umchukue akauone huo mpira wenu. Lakini uje wewe. Simkabidhi mtu mwingine."

Jumamosi hiyo ni leo. Leo, saa nne asubuhi, Handeni walikuwa wacheze na Korogwe ghalani.

Sasa nimefika kwenye aya ya ugonjwa. Kwenye vijitabu vya misiba mingine aya hii huwa ndefu: alianza kuumwa lini, akapelekwa wapi, akarudishwa lini. Humpa msomaji nafasi ya kujiandaa. Mimi sina cha kuandika, kwa sababu dada yangu hakuugua. Jumatano tarehe 17 Septemba 2025 alifundisha vipindi vyote, akapitia sokoni kununua mchicha, akafika nyumbani akakaa barazani kuushona wavu uliokatika pembeni, kwa uzi wa katani, kama babu alivyomfundisha. Alikuwa anaimba. Akasema kichwa kinamgonga kidogo, akamwomba Shukuru maji ya kunywa. Shukuru aliporudi na kikombe alimkuta mama yake ameegemea ukuta, ameinamisha kichwa, sindano ingali mkononi. Mtoto akaona amepitiwa na usingizi, kachoka. Akakiweka kikombe pembeni yake taratibu, akakifunika na kisahani vumbi lisiingie, akaenda kuchambua mchicha.

Matayo aliporudi kutoka kazini ndipo akagundua. Hospitali walituambia ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani, na kwamba hata kama tungekuwa tumesimama mbele yake tusingeweza kitu. Tumeshukuru kuambiwa. Hatujaelewa. Shukuru, mwanangu, nasoma hili mbele ya watu wote ili ulisikie na wao walisikie: ulifanya kila kitu sawasawa. Ulimletea mama maji, na ukayafunika.

Sisi wengine tangu Jumatano tunazunguka kama kuku aliyepigwa jiwe. Mama Edna anauliza kila baada ya muda kama Evodia ameshapigiwa simu aje, kisha anakumbuka. Mimi nimempigia mara mbili kumuuliza ratiba ya mazishi aipange nani.

Alhamisi ilibidi mtu amwambie Mzee Hashim. Nilipiga mimi.

"Mzee, shikamoo. Mwalimu hataweza kuja Jumamosi."

"Marahaba. Vipi, na yeye kapata mafua?"

Nikamwambia. Kisha akauliza, "Mnazika lini?"

"Jumamosi hiyo hiyo, mzee. Saa nane."

Akakata bila kuaga. Ukiacha uchungu wenyewe, hofu iliyotukaa timu nzima ni hiyo moja, nasi tumeisema waziwazi kwenye mikeka: milango ile yote ilifunguliwa kwa jina la mtu mmoja, na mtu huyo tunamfukia leo. Nani atamkabidhi Mwaija kwa Simeo, ambaye mwenyewe anabebwa? Niliandika hapa, na ndivyo ilivyochapwa, kwamba tunawaomba wazazi wasifunge milango. Nikaona ni ombi la kinyonge, lakini sikuwa na lingine.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Edna. Mume wake, Matayo. Watoto wawili, Shukuru na Kasmiri. Mdogo wake, ambaye ni mimi. Wanafunzi wa Sindeni na wa Korogwe. Na timu mbili ambazo leo zimekuja na jezi kwa sababu ndizo nguo nzuri walizokuwa wamezipiga pasi.

Hapa karatasi yangu inaishia. Ninayoyasema sasa hayamo kwenye kijitabu.

Wakati kwaya inaimba mmeona watu kule nyuma wanapisha njia, na wengine mkakunja uso kwamba nani huyo anachelewa mazishi. Ni Mzee Hashim. Bajaji waliyokuja nayo imekwama kwenye mchanga kule relini, na kutoka relini mpaka hapa amembeba Mwaija mgongoni. Vijana walitaka kumpokea, akakataa. Amemketisha hapa kwenye mkeka, pembeni ya jeneza, kisha akaniinamia sikioni huku jasho linamtoka. Amesema, "Nilimwambia Mwalimu aje mwenyewe. Ameshindwa, basi nimekuja mimi. Ghala liko wapi, ili Jumamosi ijayo nisipotee njia?" Nilipomwuliza kama naweza kuwasomea habari zake, akasema soma zote.

Mwaija hakuwahi kufika kwenye mazishi kabla ya leo. Tangu aketi ameuweka mkono wake juu ya ubao, na analia kwa sauti, na ninaomba mtu yeyote asimwambie anyamaze. Ana vilio viwili. Kwenye ratiba ya kuweka udongo, baada ya Mama, Matayo na watoto, imeandikwa ni zamu yangu. Nimempa yeye. Mimi nitafuata.

Pumzika kwa amani, dada. Kule Makuyuni kuna nyumba leo haina mlinzi.